Mawaridi Sita Mahali pa Njia ya Simiti

Neno lililotakiwa lilikuwa "hapana". Nililijua vizuri. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na ningeweza kulitamka kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kidawida, lugha ya kwetu. Badala yake nilisema, "Ndiyo, Memsabu, ni wazo zuri sana," nikainamisha kichwa kama mtu aliyepewa zawadi, na Jumamosi iliyofuata nikaazima sururu na nyundo kubwa.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa karani katika ofisi ya shamba moja la mkonge nje ya Voi, na nilipewa nyumba ya kikarani: vyumba viwili, jiko la nje, na choo mwisho kabisa wa kiwanja. Kabla yangu aliishi humo karani Mgoa aliyependa viatu safi, na kwa ajili ya viatu hivyo alimwaga njia za simiti, moja kwenda langoni, moja jikoni, moja chooni. Nilipozirithi zilikuwa zimepasuka na majani yamechipua kwenye nyufa. Basi mke wa meneja akatangaza mashindano ya bustani za makarani, akapita nyumba kwa nyumba na mwavuli wake. Kwangu alisimama, akatazama simiti kama mtu anayetazama kidonda.

"Ondoa hizi," alisema. "Hapa katikati patafaa tuta refu la maua."

Alikuwa mama mkarimu. Alinipa ushauri bila kuombwa, na miche sita ya mawaridi ya kupanda Voi, mahali ambapo maji ya kunywa tuliyapangia foleni kwenye bomba moja.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo sikumweleza. Baba yangu alikuwa kipofu, na njia zile ndizo zilizokuwa macho yake.

Mama alipofariki nilimshusha Baba kutoka Werugha, kwetu milimani, aje kukaa nami, ili watu waone jinsi nilivyo mwana mwema. Kule juu alikuwa mmoja wa wazee wa mfereji, wale wanaogawa maji ya mashamba, na hata macho yalipoingia ukungu hakuhitaji mtu. Alitembea peku ukingoni mwa mfereji. Akienda shambani maji yaliimba kushoto kwake, akirudi yaliimba kulia, na hivyo alifika kila alikotaka. Voi hakukuwa na maji ya kuimba. Wiki ya kwanza alikaa kwenye kigoda kama mzigo unaosubiri treni. Siku moja fimbo yake ikagonga simiti, ko, akainama akaipapasa, akacheka.

"Kumbe na huku mna mfereji! Ila umekauka."

Mwezi haukuisha kabla hajaijua njia yote. Alikwenda langoni kusalimia wapita njia, jikoni kumchokoza mke wangu, na chooni peke yake, jambo ambalo kwake lilikuwa heshima yote iliyobaki duniani. "Hatua nane, kuna ufa," aliwaambia wageni. "Hapo unapinda kulia. Ukikosea, unajisaidia kwa jirani."

Mke wangu hakuwa amekwenda sekondari, kwa hiyo aliliona tatizo mara moja.

"Na Baba atapita wapi?"

"Tutamshika mkono."

"Tutamshika, wewe na nani? Wewe uko ofisini."

"Wewe, basi."

"Mimi nina mtoto mgongoni na debe kichwani. Nimshike kwa meno?"

Nilimweleza kwa upole kwamba maendeleo yana usumbufu wake. Nilikuwa nimeyasoma maneno hayo mahali fulani.

Nilivunja Jumamosi alasiri, na Jumapili nikaendelea baada ya ibada. Baba alikaa mlangoni akisikiliza nyundo.

"Karani, unavunja nini?"

"Simiti kuukuu, Baba. Tunapanda maua."

"Ya kula?"

"Ya kutazama."

"Ya kutazama," alirudia. "Basi nitakaa hapa niyatazame."

Nilicheka. Nilidhani ni mzaha, na labda nusu yake ilikuwa mzaha kweli.

Jumanne asubuhi mke wangu alikuwa bombani. Baba alitoka kwenda chooni kama kawaida yake. Alihesabu hatua nane, akatafuta ufa kwa fimbo, fimbo ikazama kwenye udongo laini na mbolea ya ng'ombe. Alizunguka, akahesabu tena, akazidi kupotea. Mke wangu alimkuta amesimama katikati ya mawaridi, miguu imechanwa na miiba, suruali imelowa, akiuliza kwa sauti ya chini, kama mgeni, nyumba iko upande gani. Kwa majirani watu walikuwa wametoka kuangalia.

Nilipofika jioni nikasimuliwa yote. Sasa niandike swali langu la kwanza, maana nimeapa kutoficha. Niliuliza, "Miche imevunjika?"

Baba alikuwa chumbani na alisikia. Asubuhi akaomba apakiwe kwenye lori la kupanda milimani. Nilimbembeleza, nikamwahidi kumfungia kamba ya kushika. "Kamba ni ya mbuzi," alisema. "Kwetu mfereji haung'olewi ili macho ya mtu yapendezwe." Nikamkabidhi kwa utingo, na nikawahi ofisini.

Mashindano nilishinda. Naomba hilo likumbukwe. Memsabu alinipongeza mbele ya makarani wote, akanikabidhi ndoo maridadi ya kunyunyizia maua, yenye mdomo mrefu na matundu madogo. Wiki hiyohiyo bomba likafungwa kwa ukame. Mbuzi wa jirani walikula mawaridi matatu, jua likamaliza matatu, na mimi nikabaki na ndoo.

Baada ya miezi michache dada yangu, aliyekuwa akishuka Voi kuuza kabichi, aliniletea ujumbe. Baba anataka nipande nimwambie nimekosa, naye atatasa. Kwetu hasira ya baba haiachwi ilale moyoni, kwa kuwa ikilala humo huwadhuru watoto. Mzee hujaza kinywa pombe ya miwa, huipuliza chini, na kwa sauti huitoa ile hasira na kuweka baraka mahali pake. Huko ndiko kutasa.

"Anasema kama unaogopa pombe, ulete maji," dada alisema. "Maji tu, na mdomo wako."

Lakini mimi nilikuwa nasoma somo kanisani kila Jumapili, na jina langu lilikuwa limetajwa kwa uzee wa kanisa. Ningeonekanaje nimepiga magoti mbele ya mambo ya kale? Nikampelekea blanketi zuri na barua ndefu ya kuomba radhi. Barua, kwa kipofu. Mwandiko ulikuwa safi sana. Dada yangu hakujua kusoma.

Alirudi msimu uliofuata. "Blanketi analo. Anauliza utakuja lini."

"Mwambie Krismasi."

Krismasi niliimba kanisani. Ujumbe wa tatu haukuniita kwenye maji, uliniita kwenye mazishi. Dada aliniambia kwamba asubuhi ya mwisho Baba alikwenda peke yake ukingoni mwa mfereji, maji kushoto kwake, na akarudi, maji kulia kwake, akajilaza. Karibu na kitanda kulikuwa na kibuyu cha maji. Kilikuwa kikijazwa upya kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ambayo karani angeweza kupata nafasi.

Uzee wa kanisa nilipewa. Nimesalia mzee wa kanisa, na mzee wa kila namna. Wachungaji wawili wameniambia Mungu amekwisha kunisamehe, na siwabishii. Lakini aliyekuwa na jambo nami hakuwa Mungu. Nilimnyang'anya Baba njia yake, kisha nikamnyima safari ya siku moja. Alikufa hajatasa. Hasira yake juu yangu haikutoka kinywani mwake, na hakuna mtu mwingine aliye hai au aliyekufa anayeweza kuitoa.