Kiapo cha Kidawa kwa Bwana Asiyekaa Popote

Kidawa alikuwa fundi cherahani, lakini hakushona nguo za watu. Alishona nguo za boti: vifuniko vya matanga, mapazia ya madirisha madogo, na magodoro ya vile vitanda vyembamba ambavyo matajiri hulalia kwa hiari yao. Alitoka Tanga mwaka 1994 kumfuata mume. Mume akaendelea na safari zake, yeye akabaki Durban na cherahani. Tulikuwa majirani huko mtaa wa Umbilo, mlango kwa mlango, ndiyo maana haya nayajua.

Kila miezi mitatu alikwenda ofisi ya uhamiaji kuomba aongezewe kibali. Huulizwa anakaa wapi, tangu lini, anafanya kazi gani. Hujibu. Miezi mitatu ikipita huulizwa yale yale, kana kwamba Umbilo ingeweza kuhama.

Mteja wake mkubwa alikuwa Mwingereza, Bwana Whitlock, mwenye boti ya tanga iliyopeperusha bendera ya kisiwa ambacho yeye mwenyewe hajawahi kukikanyaga. Bwana huyu alikuwa na maradhi ya peke yake: hakutaka kuwa mkaazi wa mahali popote. Kwao Uingereza alikuwa "ameondoka". Uhispania, alikokuwa na nyumba yenye bustani na mbwa wawili, alikuwa "anapita". Alipita miaka sita.

"Sheria yao iko hivi," alimweleza Kidawa siku moja akipimiwa godoro. "Ukikaa kule zaidi ya siku mia na themanini na tatu kwa mwaka, wewe ni mkaazi, na boti yako inadaiwa kodi. Ukiwa mgeni, huna deni. Basi mimi nikifika siku ya mia na themanini, nafunga mizigo."

Aliyasema hayo kwa fahari ya mtu aliyemnyang'anya simba mfupa. Kidawa, midomo imebana pini, akaandika urefu wa godoro.

Maafisa wa kule walipoanza kumwuliza maswali, alikuwa amevuta nanga akaja Durban, Februari 1998. Boti ilipewa kibali cha miezi sita. Miezi sita ikaisha, boti haikutikisika. Bwana Whitlock mwenyewe alipanda basi hadi Maputo, akarudi na muhuri mpya kwenye pasi, akajihesabu ameingia upya. Kibali cha boti kilikuwa kimebandikwa dirishani, na Kidawa aliagizwa ashone pazia la dirisha lile tu.

Mwezi Machi 1999 barua ikamfikia kutoka Uhispania. Wakubwa wa kodi walisema kwamba mwaka mzima wa 1998 alikuwa kwao, yeye na boti yake, kwani bili za umeme wa ile nyumba zilikuwa kwa jina lake. Bwana Whitlock akapanda ngazi zetu akihema, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona Umbilo.

"Kidawa, unaniapia kwamba mwaka jana nilikuwa hapa. Nami nitakuandikia barua ya uhamiaji, kwamba ufundi wako hauna mbadala katika mji huu."

Kibali cha Kidawa kilikuwa kimebakiza siku kumi na tisa. Barua ya namna hiyo alikuwa akiitafuta miaka mitatu. Hata hivyo alimwomba muda, akaipeleka karatasi ya Uhispania kwa Honoré, jirani yetu Mkongo. Huko kwao Honoré alikuwa ofisa wa forodha mpakani. Hapa alikuwa akipakia malori Clairwood. Aliisoma kwa kutumia Kifaransa chake kama tochi.

"Dada, huyu mzungu iko na akili ya nusu," alisema akicheka. "Kule anasema, mimi iko Durban. Durban wakimwuliza, atasema iko wapi?"

"Niape au nisiape?"

"Uliona nini na macho yako?"

Kidawa akalitoa daftari lake la vipimo. Tarehe zote zilikuwemo: tarehe kumi na moja Februari kifuniko cha tanga kubwa, Mei magodoro, Agosti lile pazia, Novemba turubai la kivuli. Kila mara mwenyewe alikuwepo, akimsimamia kichwani.

"Basi apa hivyo," alisema Honoré. "Usiongeze, usipunguze. *C'est tout.*"

Kidawa akaenda na Bwana Whitlock kituo cha polisi, akala kiapo cha maandishi, kikagongwa muhuri. Bwana Whitlock alikisoma mara tatu akitabasamu kama aliyeletewa mtoto. Lakini muhuri wa polisi haukumtosha. Alitaka na wa forodha, kuwakomesha kabisa Wahispania. Akamchukua Kidawa awe shahidi.

Ofisa wa forodha alikuwa mama wa Kizulu mwenye miwani ya kamba. Alikisoma kiapo taratibu, mstari kwa mstari.

"Hawu, baba! Kwa hiyo boti imekuwa hapa tangu Februari ya mwaka jana?"

"Bila kuondoka hata siku moja!" alisema Bwana Whitlock kwa kishindo.

"Haikutoka kabisa?"

"Kabisa! Hata Uhispania wakiuliza, waambie."

Yule mama akavuta faili. "Kibali cha boti kiliisha Agosti. Mgeni hakai hivi, baba. Huyu ni mwenyeji, na mwenyeji analipa ushuru."

Bwana Whitlock akawa mwekundu, kisha mweupe. Akamgeukia Kidawa. "Mwambie! Mwambie ilitoka kidogo. Oktoba, kwa mfano."

"Bwana Whitlock," alisema Kidawa, "mimi nimeshaapa."

Alasiri ile boti ikafungwa kwa mnyororo na lakiri. Bwana asiyekaa popote akakosa hata pa kulala, akahamia nyumba ya wageni. Kwa wiki mbili hakumsalimu Kidawa, wala hakumwandikia ile barua. Kisha mvua kubwa ikanyesha, maji yakaanza kuingia ndani, na forodha wakamwambia aifunike boti kwa gharama yake. Fundi wa kifuniko kikubwa kile alikuwa mmoja.

"Barua kwanza," Kidawa alimwambia. "Vipimo baadaye."

Bwana Whitlock akaandika, pale pale, kwa kalamu yake mwenyewe. Ilikuwa barua nzuri sana. Mtu akihitaji turubai huandika vizuri. Uhamiaji wakaisoma, wakaipenda, wakamwongezea Kidawa miezi sita badala ya mitatu, naye akaona amepewa nusu ya nchi.

Mwezi Juni Bwana Whitlock alilipa ushuru, maana boti ingepigwa mnada. Uhispania nao walimwandikia tena: kiapo wamekipokea, lakini zile bili za umeme azieleze. Siku boti ilipopewa karatasi zake halali, Honoré alituita chumbani kwake tunywe chai.

"Sisi tunaomba," alisema, "mimi na dada Kidawa, na mzungu anakimbia. Mwenye kupata ukaazi ni boti."