Siku Simu Yangu Ilipofyatua Risasi Kwenye Kisomo cha Eeddo

Haya, nitawasimulia, lakini anayetaka kucheka acheke pale penye kuchekesha, kwa sababu mkasa huu una sehemu ambazo mimi mwenyewe nikizifikia nashindwa kuinua macho. Mnanijua, Yusuf, yule wa vipuri vya pampu za maji hapa Garissa, na mnajua pia (mji huu haufichi kitu) kwamba mimi mwanamume mzima wa miaka thelathini na sita, mwenye mke na mtoto na ndevu zilizoanza mvi, nilikuwa nacheza gemu za bunduki kwenye simu. Wala sikuwa nacheza kidogo. Nilikuwa na kikosi changu, vijana watatu wa Islii, Nairobi, ambao sijawahi kuwaona kwa macho, na wao hawakunijua kama Yusuf, walinijua kama Libaax, yaani simba.

Sasa kwa kuwa nilikuwa mchezaji nilijiona mtaalamu. Wazazi wenzangu, wengine walikataza kila kitu chenye skrini, wengine waliwaachia watoto simu ili wanyamaze, na wote niliwaona hawajui wanalofanya kwa sababu hawachezi, lakini mimi nacheza, kwa hivyo mimi ndiye ninayejua. Kwenye mkutano wa wazazi shuleni nilisimama bila kuulizwa nikawaeleza kwamba gemu za kujenga na za kufuga wanyama ni za watoto wadogo, mbio za magari wakifika miaka kumi, na za bunduki mpaka wafike miaka kumi na sita, na hata hapo mzazi akae kando. Mwalimu mkuu akaniomba niandike orodha. Niliiandika kwa fahari kubwa, ikatundikwa ukutani, na nakala nyingine nikaibandika kwenye friji yetu, ambapo binti yangu Ifrah, wa miaka minane, aliisoma mpaka akaijua kuliko mimi niliyeiandika.

Niwaeleze kuhusu Eeddo kwanza, ndipo mtaelewa. Eeddo Habiba ni dada mkubwa wa marehemu baba yangu (eeddo ndiye shangazi, na kwetu heshima yake ni ile ile ya baba), na ndiye aliyenilea. Alikuwa akiishi Habaswein, akiuza maziwa na sukari karibu na stendi, mama mwenye sauti, madereva wa malori walimwogopa. Mwaka juzi gari alilopanda kwenda kumwona binti yake lilipigwa risasi njiani. Sitasema mengi. Mama aliyekaa kando yake, waliyekuwa wakigawana naye tende, hakufika. Eeddo hakupata hata mkwaruzo, lakini tangu siku hiyo mlango ukibamizwa na upepo anajikunja, pikipiki ikipiga mlio anaingia chini ya kitanda, na usingizi ukamhama kabisa.

Nikamleta kwangu. Hospitali walimpa dawa, zikasaidia kidogo, kisha wazee wakasema tumsomee Qur'ani siku tatu, kama tunavyofanya mtu akishikwa na hofu isiyomtoka: masheikh wasome, maji yasomewe, naye ayanywe na kujimwagia. Kazi yote ya kupanga niliibeba mimi, na niliibeba kwa moyo, maana yule mama alinibeba mgongoni. Siku ya kwanza Eeddo alilala mpaka alfajiri. Siku ya pili alimcheka Ifrah kwa jinsi anavyokunja mkeka, na mke wangu Nasteho alipokuja dukani kuniambia kwamba Eeddo amecheka, nilifunga mlango nikalia peke yangu.

Siku ya tatu, ya kufunga kisomo, ilijaa watu. Wanaume walikaa uani chini ya turubai, wanawake sebuleni pamoja na Eeddo, na karibu na mlango wa jikoni niliweka spika kubwa ya kuazima. Wageni walipokuwa wakiingia baada ya Alasiri, kabla sheikh hajafika, niliiunganisha simu yangu na ile spika bila waya, nikawawekea kisomo kilichorekodiwa. Sheikh alipofika nilisimamisha, nikampa maiki, nikaitia simu mfukoni. Sikukumbuka kuitenganisha na spika, na hilo halikunipitia akilini tena mpaka nilipokuwa nimelala chini.

Ifrah alinijia katikati ya kisomo, akanivuta kikoi.

"Aabo, mbuzi wangu wamelala."

(Kwenye gemu yake ya ufugaji, mbuzi wakishalishwa wanalala saa nzima, na mtoto hana la kufanya ila kusubiri.)

"Basi subiri waamke," nikamnong'oneza.

"Naomba ile yako."

"Ile yangu unajua orodha inasemaje."

"Orodha inasema mzazi akae kando. Wewe si uko kando?"

Sheikh akatutupia jicho bila kuacha kusoma. Adeer Nuur, mdogo wa baba, akakohoa kile kikohozi chake cha kuonya. Watu wote wametulia, maji yako mbele ya sheikh yanasomewa, na mimi, mwandishi wa orodha, nilichotaka wakati huo ni mtoto anyamaze tu. Nikazima mlio wa simu nikampa. "Mara moja tu, bila sauti, kaa kule stoo." Nilisahau kwamba mlio wa simu na sauti ya gemu ni vitu viwili mbalimbali, jambo ambalo mtoto yeyote wa darasa la pili angenikumbusha kama ningemuuliza.

Stoo iko nyuma ya jikoni, hatua chache tu kutoka kwenye spika. Na gemu yangu haianzi kwa muziki, kwa sababu muziki niliuzima zamani (mchezaji wa kweli anataka kusikia nyayo za adui). Kwa hivyo kitu cha kwanza kilichotoka kwenye ile spika, sheikh alipomaliza sura na kuvuta pumzi, kilikuwa nyayo. Buti zikikanyaga kokoto, polepole, zikisogea. Watu wakainua vichwa. Mzee mmoja akageuka kutazama geti. Kisha ikatoka sauti ya kijana, Kiswahili cha Nairobi, nzito, iliyojaa ua mzima:

"Wako ndani ya hiyo nyumba. Ingia, maliza wote."

Halafu risasi.

Siwezi kuwaeleza jinsi watu hamsini wanavyoshuka chini kwa wakati mmoja. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa. Sheikh alilala ameshika maiki, ndoo ya maji yaliyosomewa ikapinduka, sinia ya wali ikaruka, vijana wawili wakapanda ukuta wakaangukia kwa jirani, na sebuleni wanawake walipiga mayowe ambayo bado nayasikia. Na mimi niliyeicheza gemu ile kila siku, ninayezijua bunduki zake moja moja kwa mlio, nililala kifudifudi kama wengine, wali mdomoni, nikisoma shahada. Nilielewa tu pale ile sauti iliposema tena, "Libaax, umelala? Piga, Libaax."

Nikainuka nikisema ni gemu, ni gemu, na Adeer Nuur akanivuta mguu nikaanguka tena, akidhani nimechanganyikiwa. Nilitambaa mpaka kwenye spika nikang'oa waya wa umeme. Nikasimama mbele ya wazee wa ukoo, punje za wali kwenye ndevu, nikawaambia kwamba hakuna mtu, ni simu yangu.

Aibu ingeishia hapo ningeshukuru, lakini majirani walikuwa wameshapiga simu, na polisi wakafika mbio, wanne, bunduki mkononi. Mkubwa wao alikuwa na swali moja, maana mtaa mzima ulikuwa umelisikia lile jina.

"Libaax ni nani hapa?"

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze. Nikainua mkono, kama mwanafunzi.

"Afande, hakuna bunduki hapa," Adeer Nuur akadakia kwa Kiswahili chake. "Ni simu. Huyu mtu kubwa namna hii anacheza mchezo ya bunduki na toto yake, siku ya kusomea mgonjwa."

"Hiyo simu iko wapi?" afande akauliza.

Simu ilikuwa kwa Ifrah. Ndipo Nasteho akatoka sebuleni, uso umembadilika, akasema Eeddo hayuko na wale wanawake, amemtafuta chini ya viti na chumbani, hayuko. Nikakimbilia stoo, afande nyuma yangu.

Eeddo alikuwa pale, juu ya magunia ya mchele, amelala kifudifudi. Yule mama ambaye kwa miezi hakuvuka kizingiti bila kushikwa mkono alikuwa amepita katikati ya zile risasi, akawaacha wanawake waliokuwa wakijificha, akamtafuta mtoto mpaka akampata, akamlalia. Chini ya shela yake niliona miguu miwili midogo na mwanga wa simu. Akageuza kichwa. Hakuniona mimi, alimwona mtu aliyesimama mlangoni na bunduki.

"Mimi ni mzee," akasema kwa Kisomali, taratibu kabisa. "Mtoto mwacheni."

Afande hakuwa anajua Kisomali, lakini alielewa. Alirudi nyuma, akaiegemeza bunduki ukutani nje, akavua kofia, na hakuniuliza tena habari ya simu.

Sauti ya Ifrah ikatoka chini ya shela. "Eeddo, unanibana. Ni mchezo tu. Aabo amesema."

"Mimi sikuambiwa," Eeddo akasema.

Hakulisema kwa hasira. Alilala pale muda mrefu, hakutaka kuinuka, na tulipomwinua mikono yake haikutaka kumwachia mtoto, ikabidi Nasteho akae naye kwenye magunia mpaka Magharibi. Ifrah alilia kwa kuwa alidhani yeye ndiye aliyekosa. Nilimwambia si yeye.

Yaliyofuata mengine mnayajua, maana nyinyi wenyewe mmeyaeneza. Nikiingia msikitini wapo wanaopisha njia wakisema mpisheni simba. Mteja alitoka Ijara kununua pampu, mtu ambaye sijawahi kukutana naye, akaniuliza kama mimi ndiye Libaax. Mwalimu mkuu aliniita kwa adabu zote akanirudishia orodha yangu, imekunjwa vizuri, akisema ukuta unapakwa rangi. Hayo nimeyazoea, na ninastahili. Nisilolizoea ni kwamba Eeddo alirudi chini ya kitanda. Siku tatu za kisomo, ule usingizi, kile kicheko, vyote viliondoka kwa sababu nilitaka dakika kumi za utulivu. Masheikh walirudi kusoma upya tangu siku ya kwanza, na safari hii niliambiwa nikae mbali na spika.

Miezi miwili baadaye, asubuhi moja, tukiwa kwenye chai na canjeero, ule mkate wetu wa maji, Eeddo aliniambia, "Nionyeshe ule mchezo wako."

Nilikataa mara tatu. Yule mama hakatazwi mara nne. Nikaifungua simu bila sauti, nikahakikisha, nikahakikisha tena, nikamshikia. Alitazama muda mrefu, macho ameyakaza. Mtu mmoja akaanguka, mwili ukafifia, ukaondoka.

"Huyo aliyeanguka," akauliza, "nani anamwosha?"

"Hakuna anayemwosha, Eeddo. Anapotea tu."

"Hana watu?"

"Hana."

Akanirudishia simu, akamega kipande cha canjeero, akakiweka chini bila kukila. "Wewe ni mtu mzima, utacheza unachotaka. Lakini Ifrah nataka kwanza ajue kwamba mtu akianguka huoshwa."

Nilikuwa nimesoma kila kilichoandikwa kwenye gemu hizi, umri, damu, matusi, nikapanga vyote kwenye orodha, na swali hilo halikuwahi kunijia. Niliifuta gemu pale pale mbele yake, na vijana wa Islii nadhani bado wanamsubiri Libaax. Orodha ya kwenye friji nimeibandua pia. Sijaapa kuacha gemu zote, nisiwadanganye. Nilichoapa ni kwamba hakuna mchezo utakaowashwa nyumbani kwangu bila kila aliye ndani kuambiwa.

Kwa hivyo siku hizi kabla sijampa Ifrah gemu mpya, nakaa nayo kwanza uani, karibu na Eeddo na tasbihi yake. Namwambia, "Eeddo, nawasha mchezo." Anaitikia kwa kichwa, nami nawasha, sauti ndogo. Simtazami usoni, natazama vidole vyake. Tasbihi ikiendelea kutembea, Ifrah anacheza. Ikisimama, naifuta, na Ifrah haniulizi kwa nini.