Buti za Binti wa Gundi

Kaka yangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Gundi. Wenyewe wanasema ni kwa sababu ya harufu yake. Mimi niliyezaliwa naye tumbo moja najua ni kwa sababu akishika kitu haachii. Mkewe alipofariki alimshika binti yao hivyo hivyo, akamlea chini ya meza ya kazi, kati ya visigino na misumari. Mimi nikabaki na kazi za shangazi: kusuka nywele, kupika na kufoka.

Kila shule zilipofunguliwa, Gundi alimsimamisha binti yake juu ya kipande cha boksi, akauchora mguu wake kwa penseli, akalikata boksi na kulitundika ukutani. Kwa kipimo hicho alichonga mguu wa mti, ile kalibu ya mafundi viatu, akamshonea viatu juu yake. Mtoto yule hakuwahi kuvaa kiatu cha dukani. Alipopevuka, mguu wake ukalingana na wa baba yake kwa urefu.

"Miguu hiyo utaolewa na nani, na askari magereza?" nilimtania siku moja. Baba yake alinikata jicho, sikurudia.

Binti akawa muuguzi. Mwaka juzi akachaguliwa kujitolea katika msafara wa ng'ambo, wa kwenda kutibu watu kwenye misitu ya joto na mvua isiyokatika, ambako zahanati ni mkoba unaoubeba mgongoni. Alilitaka jambo hilo kwa roho yake yote. Alichanjwa mpaka mkono ukavimba. Aliujaza mkoba mchanga, akawa anapanda nao ngazi za hospitali kila akimaliza zamu. Alifunga machela ya kuning'inia sebuleni kwangu ajizoeze kulala humo na chandarua juu, akaporomoka navyo vyote, tukacheka mpaka mbavu zikauma. Kilichobaki kilikuwa matembezi ya majaribio milimani. Anayeshindwa huko, nafasi yake hupewa mwingine.

Buti za msafara zilikuja ngumu kama ubao. Alizipeleka kibandani kwa baba yake.

"Baba, nilegezee hizi. Mimi zamu zinanimaliza."

"Niachie, mama. Utazivaa kama soksi."

Fundi anayejua kazi yake huilowesha ngozi, akatia mguu wa mti ndani, akaukaza kidogo kidogo. Mguu wa mti wa binti ulikuwa palepale rafuni, juu ya kichwa chake. Lakini Gundi alizivaa mwenyewe. Alikwenda nazo sokoni, alikwenda nazo msibani, alipiga nazo matembezi ya jioni kama bwana harusi. Nilipomuuliza alisema urefu wa miguu yao ni ule ule. Nikaona fundi ni yeye, mimi nauza vitunguu tu.

Sasa, kaka yangu aliteguka kifundo akiwa mdogo, na tangu hapo hukanyagia upande wa nje. Ngozi ilipolainika ikalainika kwa mwendo huo.

Binti alirudi kutoka milimani ameshikiliwa mabegani na wenzake. Kila hatua buti zilikuwa zinamsukuma mguu upande, zinamsaga kisigino, naye alinyamaza asije akaondolewa, mpaka damu ikapenya soksi. Kidonda kikaingia usaha. Daktari wa msafara akamkatalia. Siku wenzake walipoondoka walimtumia picha kutoka uwanja wa ndege, akaitazama kitambo, kisha akailaza simu kifudifudi kitandani.

Baba yake alikuja kumwona na mfuko wa machungwa. Hakukaa.

"Baba, ulizilegeza kwa mguu wangu wa mti?"

"Nilizivaa mimi."

"Mguu wangu si upo rafuni?"

"Upo."

Binti akageukia ukutani.

Nilimfuata Gundi kibandani nimepandwa na hasira, nakwambia siku hiyo nilikuwa tayari kumchapa mtu mzima.

"Na ufundi wako wote, ina maana hukujua?"

Alikuwa amezipakata zile buti. "Nilijua zitashika umbo la mguu wangu, dada. Ndicho nilichotaka. Aende huko kote na kitu changu, nisibaki huku peke yangu. Sikufikiri kama zitamkataa yeye."

Nilikaa kwenye kile kiti cha wateja nikalia, na yeye akalia. Nilimhurumia, na bado sikuweza kumsamehe.

Kidonda kilipona. Msafara haukumwita tena. Binti akapata kazi mji wa mbali, na siku ya kuondoka tulipita kibandani, mimi nikimsaidia begi. Gundi alipotuona alitoa kipande cha boksi chini ya meza, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakilaza sakafuni. Akapiga magoti.

"Kanyaga hapa, mama, nikuchore. Nikushonee vya kazini."

Binti alilitazama boksi. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililonivunja moyo.

"Usijisumbue, Baba," alisema kwa upole. "Nitanunua vya dukani."

Akainama, akamshika bega, akachukua begi lake mkononi mwangu na kuondoka. Gundi alibaki pale chini na penseli yake, na boksi halikuwa na mchoro.