Santuri Niliyoiita Tabora

Mwanangu, ipo Ijumaa moja ya Dubai ambayo hata leo nikiikumbuka nainamisha uso. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ya Al Mankhool, na nilijiona nimeshayajua ya dunia yote.

Nyuma ya hoteli aliishi Mzee Athumani, mtu wa Mombasa, aliyekuwa gadi wa garimoshi enzi za injini za mvuke kabla ya kumfuata mwanawe Uarabuni. Yeye na rafiki yake Mzee Rozario, Mhindi mzaliwa wa Nairobi, walikusanya santuri ambazo mimi sikuwahi kuona mfano wake. Hazikuwa na nyimbo. Zilikuwa na sauti za garimoshi tu: injini ikihema, honi, kengele za stesheni. Zamani walikuwapo watu waliozunguka na mitambo yao wakizinasa sauti hizo. Wazee wangu walikuwa nazo zaidi ya mia mbili, na macho yao yalikuwa yamechoka, wakaniomba siku zangu za mapumziko niwaandikie orodha: santuri ipi, injini gani, stesheni gani.

Kazi niliipenda, sikudanganyi. Ila siku ile rafiki zangu walikuwa wananingoja soko la Naif tukanunue viatu. Ilibaki santuri moja, karatasi yake ya katikati imeliwa na ukungu, herufi moja tu inasomeka: T. Kuuliza si ujinga, lakini Mzee Athumani alikuwa hajarudi kutoka msikitini, na mimi nina haraka. Nikajiambia, T ni Tabora, kwetu. Nikaandika Tabora, nikafunga daftari. Yalla, nikatoka.

Orodha ile wazee waliipiga picha wakawatumia watu, ikasambaa kwenye simu za Watanzania. Ikamfikia dada mmoja wa mtaa wa Silicon Oasis, hapo hapo Dubai, ambaye mama yake, Bi Tausi, alikuwa amekuja kumtembelea. Mumewe Bi Tausi alikuwa dereva wa garimoshi pale Tabora, akafa kazini watoto wakiwa bado wachanga.

Ijumaa ya pili yake Bi Tausi akaja, kavaa baibui la kutokea. Akatueleza kwamba kila dereva alikuwa na namna yake ya kuvuta honi. Wa kwake alivuta mara mbili fupi, kisha moja ndefu, akikaribia stesheni, na yeye mkewe, akiisikia nyumbani, alibandika maji ya kuoga. Mzee Rozario akaweka sindano kwenye santuri. Injini ikahema, kisha honi: fupi, fupi, ndefu.

Bi Tausi akashika ukingo wa meza. "Ni yeye," alisema. "Wallahi ni yeye."

Nikamrekodia kwenye simu yake. Alikuwa anasafiri Jumapili, na alisema atawakusanya watoto na wajukuu wote wamsikie baba yao. Mimi nilijaa fahari, mwanangu, kana kwamba nimemfufua mtu.

Mzee Athumani alimsindikiza mgeni hadi kwenye lifti, akarudi, akaipiga tena santuri ile. "Sikiliza nyuma ya honi," aliniambia.

Nikasikia sauti ya mwanamke mchuuzi, kwa mbali: "Menvu! Menvu!"

"Hizo ni ndizi mbivu, kwa Kiganda. Nimepita Uganda miaka mingi, nimezila. Tabora nani anauza ndizi kwa Kiganda? Hii labda ni Tororo, kule kule Uganda. Wewe Tabora umeitoa wapi, binti yangu?"

Njia ya mwongo ni fupi. "Nilikisia, baba."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Ungeandika 'sijui' nisingekulaumu. Mimi mwenyewe yako mengi nisiyoyajua. Sasa mama wa watu kaondoka na honi ya mume wa mwingine."

Mzee Rozario akajaribu kunitetea. "Athumani, mwache mama wa watu na furaha yake. Ni huruma."

"Huruma kwa nani? Kwake, au kwetu tusione haya?" Kisha akanigeukia. "Wewe ndiye uliyempa. Wewe ndiye utakayemwambia."

Kesho yake asubuhi nikapanda basi hadi Silicon Oasis. Njia nzima nilitunga maneno, na nilipofika mlangoni yote yalikuwa yameniruka. Bi Tausi alikuwa anafunga mizigo. Nikamwamkia, nikakaa chini sakafuni, nikamweleza kama ilivyokuwa, pamoja na viatu vya Naif.

Aliikunja kanga aliyokuwa nayo mkononi, akaiweka juu ya mizigo. Kisha akasema, "Jana nimelala naye masikioni. Leo umenifanya mjane mara ya pili."

Akaninyooshea simu. "Sauti hiyo ifute wewe mwenyewe."

Nikaifuta. Akanimiminia chai, lakini hakunywa nami. Nilipokuwa navaa viatu mlangoni aliniambia, "Umefanya vizuri kuja. Kukusamehe nitajaribu." Sikumwona tena, na kama aliweza au hakuweza, sijui.

Nilirudi kwa wazee nikaipitia orodha yote upya. Nilikuta makisio yangu mengine kumi na moja. Yote niliyakata, na mbele ya kila moja nikaandika: haijulikani. Honi ya Tabora tuliitafuta miaka miwili, hadi Mzee Athumani alipofariki. Hatukuipata.

Basi shika haya, mwanangu. Usipojua jambo, sema hujui; hakuna aliyekufa kwa neno hilo. Unachokiona wewe ni mstari mmoja tu wa daftari, huenda kwa mwenzako ndiyo maisha yake. Na ukikosea, usimtume mtu wala simu. Nenda kwa miguu yako ukaseme, hata kama hutasamehewa, maana mficha uchi hazai. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyeyamwaga aonekane ameshika tambara.

Mungu akupe ulimi usioona haya kusema kweli, akupe na wazee wa kukurudi kwa upole kama alivyonipa mimi. Nenda, nimekuridhia.