Goti Moja na Chupa Tatu za Mafuta

CBD ninayoijua mimi ni ya Nairobi, katikati ya jiji, ambako kanjo, wale askari wa jiji, walinikimbiza ujana wangu wote nikiuza soksi. Kwa hiyo siku ile dada mmoja wa kanisani aliponiona nikishuka kwenye van huku nimeng'ang'ania mlango, akaniambia, "Mzee, CBD itakusaidia," nilimjibu kwamba huko ndiko nilikotoka na sina mpango wa kurudi.

Goti lililoniuma ni la kushoto, goti la klachi. Nabeba maboksi kutoka godauni moja la Nechells, na Birmingham ni mji wa taa nyekundu. Kila taa ni klachi. Shule niliishia darasa la nne, lakini van ni yangu, nimeinunua kwa mgongo wangu mwenyewe, na wapwa zangu wenye digrii mbilimbili hunipigia simu niwahamishie vitanda. Bila goti hakuna van. Na bila van, mimi ni mzee tu mwenye koti zito.

Godauni nalo lina sheria yake. Dereva hupimwa mate wakati wowote: unatiwa kijiti chenye pamba mdomoni, na kikionyesha dawa za kulevya unarudisha beji hapo hapo. Mimi sheria hiyo haikuwahi kuninyima usingizi. Hata bia sinywi.

Vidonge vya daktari vilinichoma tumbo, kwa hiyo nikamsikiliza yule dada. Akanieleza kwamba CBD yake ni mafuta yanayotolewa kwenye mmea wa bangi. Nikamtazama. Huyu ndiye anayeongoza maombi ya kufunga.

"Si bangi ile, Mzee. Hii ni ya afya. Wazungu wanatumia."

Kwetu nilimwona chifu akimtandika jirani yetu kwa sababu ya miche iliyoota nyuma ya choo chake. Alipelekwa kortini amefungwa kamba. Kumbe kosa lake lilikuwa kutoyatia majani yale kwenye kichupa cha kahawia na kukiandika kwa herufi nyembamba.

Mimi sinunui kitu bila kuzunguka. Nilianza Alum Rock, kwenye duka linalouza vifuniko vya simu, na humo CBD ilikuwa peremende, ilikuwa majani ya chai, ilikuwa shampuu. Nikamuuliza mwenye duka ipi ni ya goti. Akasema zote. Kitu kinachotibu goti na nywele kwa pamoja, mimi nilikuwa nakiuza pamoja na soksi kwenye foleni za basi kabla huyo bwana hajazaliwa, kwa hiyo nikamuaga.

Jumamosi nikapanda treni hadi Sutton Coldfield. Huko duka linanukia mishumaa na msichana anayeuza ananong'ona kama yuko matangani. Akanionyesha mafuta ya watu, kisha ya mbwa. Nikauliza mbwa ana shida gani. Akasema ana wasiwasi. Mbwa wa Sutton Coldfield ana bustani, ana daktari wake, ana koti la mvua, na bado ana wasiwasi. Nikarudi zangu nyumbani na goti langu.

Basi Jumapili, baada ya ibada, yule dada, kumbe naye ni muuzaji, akanipangia chupa tatu kwenye meza ya chai. Zilikuwa sawa kabisa isipokuwa neno moja la Kiingereza usoni. Ya kwanza iliandikwa "isolate". Hiyo niliikataa palepale. Wakati wa korona nilifungiwa isolate chumbani, nasukumiwa ugali mlangoni kama mahabusu. Siwezi kulinunua neno hilo kwa pesa zangu. Ya pili iliandikwa "broad". Broad ni pana, na Biblia imesema wazi njia pana inaelekea wapi. Ya tatu ilikuwa "full".

"Full ndiyo yenyewe, Mzee," dada akasema. "Ni kama injili kamili. Hawajapunguza kitu."

Sasa mtu aliyelala njaa utotoni umwonyeshe neno full, unadhani atachagua nini? Mimi sikuja Uingereza kununua nusu. Nikachukua full.

Unadondosha chini ya ulimi na kungoja. Ladha yake ni kama umelamba kamba ya mbuzi. Nikawa natumia kila jioni, na goti likawa linauma vilevile, ila sasa liliuma likiwa na matumaini.

Binti yangu ni nesi. Alikuja kututembelea, akakiona kichupa karibu na dawa zangu za presha, akakigeuza. Huyu nimemlea kwa Kiswahili lakini hasira zake zote ni za Birmingham, kwa Kiingereza. Siku hiyo alijitahidi kwa Kiswahili.

"Dad, unaendesha gari na hii?"

"Ni mafuta. Dada wa kanisani—"

"Full maana yake wameacha kila kitu cha bangi ndani. Hata ile inayolevya, kidogo. Broad wameitoa. Isolate ni CBD peke yake. Unapimwa kazini, halafu unachukua hii?"

"Nilidhani full ni nzuri."

"Full ni nzuri kwa tangi ya dizeli. Na hizi dawa za presha, uliuliza duka la dawa kama zinapatana?"

Mama yake, aliyekuwa anakuna nazi jikoni, akasema bila kugeuka, "Muulize pia kama alisoma."

Njia zilikuwa tatu. Niendelee na kazi nikiomba nisiitwe kupimwa. Niseme naumwa, bila kueleza. Au nimwambie meneja ukweli. Binti akasema hata mabaki kidogo yanaweza kumtia dereva matatani, na mimi nikaona beji yangu ikitolewa shingoni mbele ya vijana wanaoniita Mzee. Kesho yake nikaenda kwa meneja, nikaweka kichupa mezani kwake na kumwambia nilichofanya. Akakisoma muda mrefu. Akasema nikae nje ya barabara hadi nipimwe niwe safi, na njia yangu itashikwa na mtu mwingine.

Mtu mwingine huyo alikuwa Mkongo ambaye tumekuwa tukigombea maegesho tangu siku ya kwanza. Akaja kuchukua anwani za wateja.

"Papa, lala tu. Watu yako nitawachunga muzuri."

"Usiwachunge sana."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye kochi, mguu juu ya mto, nikisikia van yangu ikiwa kimya nje, na hicho ndicho kitu kichungu kuliko mafuta yale. Nilipoitwa kupimwa, wiki mbili baadaye, kijiti kilitoka safi. Nikapanda van, nikakanyaga klachi, na goti halikusema kitu.

Jumapili hiyo dada alisimama kutoa ushuhuda: mzee wetu alikuwa haukunji mguu, leo anatembea, mafuta yametenda. Kanisa likapiga makofi. Nikasimama.

"Mafuta hayakutenda," nikasema. "Yalikaribia kuninyima kazi. Goti limeponywa na kukaa."

Watu wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu, na baada ya ibada meza yake ilijaa kuliko kawaida. Kati ya wanunuzi alikuwepo bwana anayeendesha basi, ameshika chupa ya full. Nikamvuta kando.

"Wewe kazini hupimwa?"

"Hupimwa, Mzee."

"Basi rudisha. Ukitaka kujaribu, uliza duka la dawa kwanza, na uwaambie wewe ni dereva."

"Lakini nimeshalipa."

"Mwambie mzee amekukataza."

Akaenda, akairudisha. Dada alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama kanjo. Nikamsalimu, nikatoka kwenda kuwasha gari.