Kabati la Mama na Betri Iliyogoma

Harufu ya asidi ya betri hainipiti hivihivi. Nikikatisha karibu na vibanda vya wanaochaji betri hapa kwetu Kalemie, mji wa kando ya ziwa, ile harufu chungu inayokwaruza koo inanikamata, na kabla sijafika kwenye kona nimeshakunja uso. Watu wanaonifahamu huniuliza nani amenikosea asubuhi yote hii. Hakuna aliyenikosea. Nakasirikia kiangazi kimoja cha utoto wangu, na ninyi mtanisikiliza leo, maana nyumbani kwangu wameshachoka na habari hii.

Mwaka ule ziwa lilipanda. Maji yaliingia uani kwanza, Mama akacheka, akahamisha jiko. Yakaingia sebuleni, hakucheka tena. Mwishowe ukuta wa upande wa ziwa ulianguka, na nyumba ambayo Papa aliijenga kwa mikono yake ikabaki bati juu ya maji. Papa alikuwa dereva wa kampuni moja ya barabara. Kampuni ilipomaliza kazi na kuondoka, ilimwachia karavani kuukuu, ile nyumba ya magurudumu iliyokuwa ikikokotwa nyuma ya lori ili wahandisi wapate pa kulala. Tukahamia humo, juu mlimani: Papa, Mama, mdogo wangu Elie na mimi, Sifa.

Sisi watoto tuliipenda siku za mwanzo. Meza iligeuka kitanda, kitanda kiligeuka sanduku, na dirisha lilifunguka kwa kusukumwa nje. Mama hakuipenda hata kidogo. Kila asubuhi alijigonga kichwa kwenye rafu ileile, na kila asubuhi aliitukana kwa Kitabwa, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini, ili sisi tusielewe. Tulielewa vizuri sana.

Halafu siku moja alipanga vitenge vyake katika kabati jembamba la karibu na mlango, akalifunga, akatia ufunguo kwenye pochi na kupanda boti kwenda kwa wazazi wake huko Moba. Hakukuwa na ugomvi wala machozi. Nilimuuliza Papa atarudi lini. Papa aliinua macho akatazama dari, penye zile taa ndogo za zamani ambazo hazikuwahi kutuwakia.

“Mama yenu atarudia kama humu ndani kuko mwangaza,” akasema.

Kwangu mimi mambo yakawa rahisi. Taa ziwake, Mama arudi.

Papa alitafuta paneli ya jua akaifunga juu ya paa. Alileta betri nyeusi, nzito kama mfuko wa saruji, akaiunganisha na nyaya zilezile za zamani zilizopita ndani ya kuta za karavani. Jioni ya kwanza taa ziliwaka zote. Elie alicheza mpaka akamwaga maji. Lakini kabla hatujamaliza ugali wetu wa bukari na ndagala wa ziwani, taa ziligeuka njano, zikawa nyekundu, zikazima, na tukamalizia kula kwa kupapasa.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Papa alisema ni vichwa vya betri, vimeshika kutu. Nikachemsha maji, akaviosha, akavikwangua ule unga mweupe, akavipaka grisi. Jioni zikazima. Akasema ni vumbi la barabarani limefunika paneli. Nikapandishwa juu ya paa na kitambaa chenye maji, nikasugua huku bati likiniunguza magoti. Jioni zikazima. Akabadilisha waya unaoshuka kutoka kwenye paneli, akaweka mnene. Zikazima vilevile, tena nadhani mapema zaidi, kwa jeuri tu.

Jirani yetu, Papa Bahati, alikuwa akifyatua matofali na wanawe pale kando, kama watu wengi waliofukuzwa na ziwa. Alikuja akiwa na udongo hadi magotini, akaizunguka betri, akatikisa kichwa kama daktari.

“Usiiweke chini, Papa Sifa. Chini inakula moto ya betri. Tafuta ubao.”

Tukatafuta ubao. Betri ikalala juu ya ubao kama mgeni wa heshima. Jioni zikazima.

“Basi acha hiyo kitu,” akasema Papa Bahati siku nyingine. “Kuja tukanyange udongo. Mvua haiko mbali.”

“Kwanza mwangaza,” Papa akamjibu, bila hata kuinua kichwa.

Nilikubaliana na Papa kabisa. Matofali yangetusaidia nini? Mama alikuwa Moba akingoja taa. Papa akiongea naye kwa simu alikwenda mbali, nyuma ya mashina ya migomba, tukawa tunaona mgongo wake tu. Akirudi alikuwa na haraka mpya, anaita: “Sifa, leta turnevisi!” Nikaleta turnevisi, hiyo bisibisi yake, mpaka nikaichukia.

Kilichonimaliza nguvu ni safari za kwa mwenye kuchaji. Tuliipakia betri kwenye toroli, tukaisukuma mpaka mjini, Papa mbele, mimi nyuma nikizuia isituponyoke kwenye mteremko. Yule bwana aliijaza, akaiacha dukani siku kadhaa bila kuigusa, akaipima tena, akacheka. “Betri yako ni nzima, Papa. Haijapungua.” Tukaipandisha mlimani tukihema. Tukaifunga. Jioni ikafa.

“Kwa watu inafanya kazi, kwangu inagoma!” Papa alifoka, akaitupa koleo kwenye majani. “Hii betri inaniona mujinga?”

Wanawe Papa Bahati wakacheka kule kwenye matofali yao. Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Niliwakasirikia wao, nikaikasirikia paneli, nikamkasirikia na Elie aliyekuwa anauliza Mama yuko wapi kana kwamba mimi ndiye niliyemficha.

Siku moja Papa alishuka tena mjini kuulizia nyaya. Nilibaki nikizunguka humo ndani, nimechoka kuwa mama wa Elie, nikasimama mbele ya lile kabati. Papa alikuwa ametuonya: “Ni mambo ya mama yenu. Musiguse.” Sikuwa natafuta kitu chochote cha umeme, naomba mniamini. Nilitaka kunusa kitenge cha Mama, basi. Nikachukua ile turnevisi niliyoichukia, nikaipenyeza kwenye kitasa, nikasukuma kwa nguvu zote mpaka kikakatika.

Vitenge vilikuwa na joto.

Nilivishika kifuani, vina joto kama vimetoka kupigwa pasi. Juu yake, kwenye kona ya kabati, kulikuwa na taa ndogo ya duara, inawaka. Kile kidude cha mlangoni kinachopaswa kuizima mlango ukifungwa kilikuwa kimevunjika, pengine tangu enzi za wahandisi. Tangu Papa alipounganisha betri, taa ile iliwaka humo ndani mchana na usiku, imefungiwa na nguo za Mama, ikimaliza kila kitu jua lilichotupa.

Papa aliporudi nilimvuta mkono. Nilitarajia apige kelele za furaha. Alisimama mbele ya kabati, na hakuitazama taa kwanza. Alitazama vitenge. Aliweka kiganja juu yake, akakiacha hapo muda mrefu, ndipo akakichomoa kile kibalbu. Mtu aliyefungua kila kifuniko, aliyelala kwa mgongo chini ya karavani mpaka akaota vumbi, hakuwa amegusa kabati hilo hata siku moja.

Jioni ile tulilala taa zikiwaka. Papa akampigia Mama.

Mama alifika na boti baada ya mvua za kwanza. Ilikuwa mchana, lakini tuliwasha taa zote. Papa alivaa shati safi, akamfungulia mlango kama mtu anayemkaribisha waziri. Mama aliingia, akatazama juu, akatazama huku na huku, akaweka mzigo wake chini.

“Mwangaza ni muzuri, Papa Sifa,” akasema polepole. “Sasa, matofali iko wapi?”

Papa aligeukia dirisha. Nje mvua ilikuwa inaosha lile shimo la udongo la Papa Bahati, ambaye matofali yake yalishachomwa na kuhifadhiwa. Nilimkasirikia Mama kiasi cha kukataa kula. Nilimwona mtu asiye na shukrani, na kwa miaka mingi niliendelea kumwona hivyo.

Nilipokuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo nilipomtupia maneno hayo, kwamba tulimpa mwangaza naye hakushukuru, tukiwa tunamenya mihogo. Alinishangaa.

“Mwangaza? Mimi niliomba nyumba. Nilimwambia baba yako, silali tena ndani ya kitu ya magurudumu. Mambo ya betri alitoa kwa kichwa yake mwenyewe.”

Sasa hasira ikahamia kwa Papa. Kiangazi kizima! Nilikwenda kumuuliza kwa nini alitudanganya. Amezeeka, hana tena haja ya kunificha.

“Betri ikikufa, unaleta ingine,” akasema. “Ile nyumba ya kule chini, Sifa, nilikuwa nasikia tofali yake inaanguka ndani ya maji, moja moja. Nilikuwa naogopa kuanza tena.”

Nyumba yetu ya mlimani aliijenga kiangazi kilichofuata, na mimi ndiye niliyembebea maji ya kukandia udongo. Kila baada ya mistari michache ya matofali alikuwa anasimama, mwiko mkononi, anageuka na kulitazama ziwa. Nilidhani anapumzika, nikamsubiri nimekunja uso.