Siku Niliyokataa Kufa Redioni

Mimi niliingia kwenye uigizaji kwa sababu ya ndoo. Msicheke. Nilikuwa napiga deki kituo cha redio, na fundi sauti, mzee tuliyemwita Babu Mlango kwa jinsi alivyojua kuliza milango ya kila aina, alikuwa na tabia ya kunichukulia ndoo yangu ili atengeneze mvua. Alasiri moja nikachoka. Nikausukuma mlango wa studio, mkono kiunoni: "Babu, naomba ndoo yangu, wengine tuna kazi!" Kumbe mchezo uko hewani, nchi nzima inasikiliza. Mwongozaji alitaka kunimeza mzimamzima. Lakini wiki ile barua zilimiminika: yule mama wa ndoo ni nani, na je, aliipata?

Basi nikawa Mama Ndoo, jirani mmbea anayeingia nyumba za watu bila hodi. Wakati huo baba watoto alikuwa ametoka kwenda kununua betri, na huo ulikuwa mwaka wa pili hajarudi. Nilibaki chumba kimoja na mabinti zangu wawili na mama yangu mzazi, ambaye miguu ilishamgomea. Kuna siku tulilala na uji mwepesi, ukiuinamia unajiona. Mchezo ule ndio uliotutoa huko. Tukahamia vyumba viwili, mama akapata kitanda chake karibu na dirisha, wanangu wakarudi shule. Na mimi, jamani, nilikuwa mtu! Nikiulizia nyanya tu sokoni, sauti inanifichua, watu wananizunguka wakitaka niwaseme vibaya wao na waume zao. Niliwasema wote, nikarudi nyumbani bila nyanya.

Miaka minne ikaenda hivyo. Jumatatu moja nikapewa karatasi za mchezo wa Alhamisi. Ukurasa wa tatu, Mama Ndoo anaugua. Wa tano, anakufa. Nikafunua wa sita, labda nafufuka. Wapi!

"Wasikilizaji wamekuchoka," mwongozaji aliniambia bila kuinua macho. "Na unaongeza maneno yasiyoandikwa."

"Nani amenichoka? Mtaje."

"Alhamisi unakufa, Ijumaa usije. Na kazi ya deki imeshapata mtu mwingine."

Nililia chooni, nikanawa uso, nikaenda nyumbani. Mama sikumwambia. Angeuliza tutakula nini.

Alhamisi saa kumi, taa nyekundu ikawaka. Kweli tena, nilikuwa nimedhamiria kufa kwa adabu. Mwigizaji aliyeigiza wifi yangu alinishika mkono, akalia vizuri sana. Daktari aliigizwa na msomaji wa habari, mtu asiyetamka kitu ila kilichoandikwa. Nikasema maneno yangu ya mwisho, nikashusha pumzi. Babu Mlango akafunga mlango polepole, ule wa msiba.

"Ametutoka," daktari akasoma.

Sijui nini kilinipanda. Nilimwona mama kitandani, redio kifuani, anasikia hayo.

"Nani ametoka?" nikasema. "Daktari, hebu nipime tena."

Msomaji wa habari akaitazama karatasi, akaigeuza, akarudia kwa sauti kubwa zaidi: "Ametutoka saa nane na dakika kumi."

"Saa nane nilikuwa nakunywa chai! Umepima mkono wa nani wewe? Huo ni mguu wa kitanda!"

Wifi aliangua kicheko, akajaribu kukigeuza kilio, kikakataa. Nyuma ya kioo mwongozaji alikuwa anapitisha kidole shingoni na kurukaruka. Nilimwonea huruma, lakini kumtii, thubutu! "Na huyo mwanamume dirishani anayetaka kunichinja, mwondoeni, ananizibia hewa." Babu Mlango akaufungua tena mlango: kwiii! Msomaji wa habari jasho lilimtiririka, midomo ikamcheza. "Mgonjwa," akasema, "anaendelea vizuri." Nadhani ndiyo sentensi ya kwanza aliyowahi kujitungia.

Taa ilipozimika, mwongozaji alininyang'anya kitambulisho kwa mkono wake mwenyewe. "Alhamisi ijayo msimulizi atatangaza maziko yako. Wewe hutakuwepo."

Njia nzima watu walinishangilia. Msusi alimwacha mteja na kichwa nusu, akatoka mbio: "Mama Ndoo, umepona?" Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani, mama alikuwa anajifuta machozi ya kicheko.

"Wamekufukuza?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini na wewe, ulikuwa unakufa vibaya mno," akasema. "Nilijua tu hutaweza." Tukacheka mpaka mabinti wakaja kutuchungulia. Kisha nikaenda kupima unga uliobaki, kwa sababu kesho ilikuwa inakuja.

Jumamosi asubuhi tukasikia hodi. Ni mwongozaji, na shati lile lile la Alhamisi, limekunjamana kola mpaka pindo. Nikamkaribisha kiti, hakukaa.

"Mke wangu amenifungia nje," akasema. "Tangu juzi nalala ofisini. Nimekwenda kwa mama yangu, naye amenifukuza. Dada zangu hawapokei simu." Akameza mate. "Tafadhali, dada yangu. Pona."

Miaka minne hakuwahi kuniita dada. Nilitaka kumringia, nimwache asimame hapo mlangoni hata saa nzima, lakini machozi ya furaha yakanitoka mbele yake kama mtoto. Nikamwambia nitajitahidi.

Nilipona polepole sana. Ilinichukua miaka kumi na mmoja.